Kuachishwa Maji

Kila asubuhi, kabla mlango wa bati haujakunjwa juu, Shangazi alijaza maji kwenye kikombe, akainama huku akiguna kwa sababu ya kiuno, akamimina maji juu ya miguu ya Mgeni. Mgeni alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, miguu ndani ya beseni, mikono bado imejikunja kwa usingizi. Maji yalipogusa nyayo zake, vinyuzi vyeupe vya mizizi vilijinyoosha vikanywa. Uso ukapata rangi. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, na nywele zikaanza kurefuka kwa mlio mdogo, kama mtu anayefungua karatasi ya pipi katika chumba cha pili.

"Umeamka?" Shangazi alimuuliza.

"Nimeamka, mama," Mgeni alijibu. Kuanzia hapo uso wake ulimfuata Shangazi kila alipokwenda ndani ya saluni, kwenye kioo, kwenye kabati la taulo, mlangoni, kama ua la alizeti linavyofuata jua.

Kwenye sinki, binti wa kaka yake Shangazi alikuwa anaosha vitana. Wateja walimwita Sauti, kwa sababu hakuwa nayo. Akiulizwa jambo alijibu kwa midomo tu, na mtu ilibidi amtazame usoni ili amsikie. Aliletwa akiwa darasa la tano, ajifunze kusuka kwa likizo moja, na likizo hiyo ilikuwa bado haijaisha. Sasa alikuwa mtu mzima. Kila alipokaribia kuhitimu, Shangazi aligundua msuko mmoja ambao Sauti hajaupatia vizuri, na safari ya kurudi kwao ikasogezwa mbele kidogo.

Watu wa aina ya Mgeni walikuwa wameshuka miaka michache nyuma, wakati wa vumbi, kutoka nyota ambayo siku za mawingu haionekani. Walishuka wakiwa mbegu. Mbegu zenyewe zilikuwa kubwa kama mitungi ya gesi, na nyingi ziliangukia bondeni nyuma ya kiwanda cha sabuni, chache viwanja vya watu, na moja juu ya paa la benki. Mvua ilipokuja zikaota. Kufikia mwisho wa mvua walikuwa wamesimama, wanajua kusalimia, wanaulizia kazi. Serikali ikawapa vitambulisho. Watu walilalamika kwamba foleni ya vitambulisho imekuwa ndefu, na malalamiko yakaishia hapo.

Mwili wao haukuwa na siri. Hawakuwa na tumbo, kwa kuwa walikula mwanga. Badala ya damu walikuwa na utomvu mwembamba wenye harufu ya nyasi zilizofyekwa. Walipumua kwa viganja, ndiyo maana Mgeni hakupenda mtu amshike mkono kwa muda mrefu. Ilikuwa ni kumziba pumzi. Penye jua walikuwa wepesi wa kazi na wa maneno, na penye giza walizubaa. Shingoni na mabegani walikuwa na majani madogo yaliyopangana kama shanga. Nywele zao zilikuwa vikonyo laini vyeusi, na zikikatwa leo, kesho zimerudi.

Hizo nywele ndizo zilizoijaza saluni. Shangazi alizikata kila siku, Sauti akaziunga kwenye vichwa vya wateja, na zilipoungwa ziliendelea kuishi. Hazikukatika wala hazikuhitaji mafuta. Mteja alitakiwa tu akae mahali penye mwanga. Maofisini mwa mji ule wanawake walikuwa wamehamisha meza zao zote madirishani, na wakuu wao walikuwa wamezoea kuongea na visogo.

"Shangazi, nywele zako zimenichanulia msibani," alisema siku moja karani wa mahakama, mwanamke mnene mwenye haraka, akijitupa kwenye kiti.

"Rangi gani?"

"Zambarau. Mbele ya mjane."

"Basi shukuru Mungu. Kuna dada zilimchanulia nyekundu." Shangazi akamgeuza kichwa. "Sauti, mtoe maua huyu, kisha umpunguze pembeni."

Wakati wa mchana, jua likiwa katikati ya dirisha na Shangazi akiwa amesinzia chini ya mashine ya kukaushia nywele, Mgeni aliongea. Ndipo Sauti alipoelewa kile kikombe.

"Kwetu hakuna kikombe," Mgeni alimwambia. "Kwetu maji yanatoka juu, na kila mtu anakunywa pale alipo. Anayemwagiliwa kwa mkono ni mtoto mchanga peke yake. Mama yake anamnywesha, na mwili wa mtoto unaujua ule mkono, haumwachi. Mama akihama, mtoto anahama. Mama akikaa, anakaa."

"Na akikua?" Sauti aliuliza kwa midomo.

"Anaachishwa maji. Mama anachagua wakati mvua iko karibu, anaacha kumnywesha. Mtoto ananyauka, majani yanadondoka. Hili hapa nyuma ya sikio ndilo la mwisho." Aliinua nywele akamwonyesha jani dogo lililojikunja kama ukucha wa mtoto. "Likidondoka hili, mwili umeusahau mkono. Mvua ikimkuta hivyo, anakunywa mvua, na mvua haina mwenyewe. Anaondoka anakotaka. Lakini mvua ikimkuta bado ana maji ya mtu mwilini, ni mvua ya kuoga tu."

Siku ile alipoingia saluni kuulizia kazi, kulikuwa na joto kali. Shangazi alimpa kiti, akamwona amechoka, akammwagia kikombe cha maji miguuni. Ilikuwa ni ukarimu tu. Mgeni hakujua kukataa, kwa kuwa mwili wake haukuwa na namna ya kukataa kitu ambacho kwao hakipo. Alipotaka kuaga, miguu haikutaka. Shangazi alielezwa baadaye, akaelewa vizuri kabisa, na kesho yake akajaza kikombe tena.

"Kichwa changu kinataka kwenda," Mgeni alisema. "Miguu ndiyo haitaki."

Sauti aliendelea kuchambua nywele kwa mafungu. Aliwaza kwamba hata yeye ilikuwa hivyo hivyo, ila yeye hakuweza kusema ni miguu.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, bintiye Shangazi, aliyeolewa mbali, alijifungua. Shangazi ilibidi aende akamsaidie. Kabla ya kuondoka alileta pipa la maji, akaliweka juu ya meza karibu na dirisha, akafunga bomba dogo upande wa chini ili maji yadondoke tone moja moja ndani ya beseni la Mgeni. Akalifungua mwenyewe.

"Bomba hili limefunguliwa na mkono wangu," alisema. "Maji haya ni yangu hata nikiwa huko. Asiliguse mtu. Na wewe Sauti, usije ukampa maji kwa mkono wako hata tone moja. Umenisikia?"

Sauti akaitikia kwa kichwa.

"Sema nikusikie!"

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya. Mwanangu mzuri."

Ufunguo wa mlango wa bati alimwachia fundi viatu, mzee aliyekaa barazani na sanduku lake la misumari na gundi. Fundi viatu alitakiwa kuwafungulia asubuhi na kuwafungia jioni, kwa usalama wao, maana mji una watu wabaya. Nyuma ya saluni kulikuwa na chumba chao cha kulala na ua mdogo wa kuanikia taulo, wenye ukuta mrefu pande zote na kipande cha mbingu juu yake. Choo kilikuwa huko huko. Hapakuwa na sababu ya mtu kutoka.

Basi la Shangazi halijafika hata nusu ya safari, Mgeni alisema, "Dada, funga bomba."

Sauti alitazama nje. Mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa bondeni.

"Ukinyauka ukafa?"

"Mtoto hafi. Mama anajua asubiri mpaka wapi. Ila nisikilize. Nitakuomba maji. Nitakuomba vibaya. Usinipe. Watoto wote wanaomba, na mama anageukia ukutani. Usinisikilize kabisa."

"Sitakusikiliza."

"Hata nikikwambia nini."

"Hata ukiniambia nini," alisema Sauti. "Kisha utakwenda wapi?"

"Nitatembea tu. Wenzangu walioangukia bondeni wanatembea. Nimewaona dirishani wakipita, na hakuna uso hata mmoja uliogeukia mtu."

Sauti alifunga bomba. Aliwaza kwamba Mgeni akitoka nywele hazitakuwepo, na pasipo nywele Shangazi hatahitaji mikono ya kuziunga, na huenda likizo nayo ikapata mwisho. Hakulisema hilo. Alichukua beseni akalifuta mpaka likakauka.

Mwanzoni halikutokea jambo. Mgeni alikuwa mchangamfu, hata akaimba. Kisha nywele zake zikaanza kurudi fupi, halafu zikaacha kurudi. Majani ya mabegani yakawa ya njano, yakaanza kudondoka, na Sauti akayafagia pamoja na nywele za wateja. Utomvu ulipungua mpaka harufu ya nyasi ikabaki kwenye mapazia tu. Ngozi ya Mgeni ikapata mistari, kama tope la bwawa lililokauka.

Lililofuata hawakulifikiria. Nywele zilizokuwa vichwani mwa wanawake wa mji mzima nazo zilianza kunyauka. Zilikuwa zimekatwa siku nyingi, zimetawanyika kila mtaa, lakini bado zilikuwa za Mgeni. Zikalegea, zikageuka kahawia, zikawa zinapukutika ndani ya sahani za wali na juu ya mafaili. Wanawake wakaja. Walisimama mlangoni vilemba vikiwa vimefungwa mpaka kwenye nyusi, karani wa mahakama mbele yao.

"Sauti, ni nini hiki?" Alifungua kilemba kidogo akakifunga tena haraka. "Nina kesi kubwa wiki hii, mimi. Hakimu ananiangalia kama nina ukoma."

"Mgeni hajanywa maji," Sauti alisema kwa midomo.

"Hajanywa nini?"

"Maji."

"Sasa si umpe!" alisema mwingine kutoka nyuma. "Bomba hili hapa, pipa limejaa. Au umesahau linavyofunguliwa?"

"Anaachishwa," Sauti alisema.

Wanawake walitazamana. Walilijua jambo hilo. Mgeni alikuwa amewasimulia wengi wao wakiwa wamekaa karibu na kiti chake wakichaguliwa nywele. Karani wa mahakama alimtazama Mgeni kitini, akatazama beseni kavu, akashusha pumzi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nina moyo, usinione hivi. Lakini aachishwe baada ya kesi. Kwani mvua ni mwaka huu tu?"

"Na mimi nina harusi ya mdogo wangu Jumamosi," alisema mwingine. "Aachishwe baada ya harusi."

"Baada ya harusi yako kuna ubatizo wa mwanangu."

"Basi baada ya ubatizo."

"Hapana," Sauti alisema.

Alilisema kwa sauti. Lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na fundi viatu akaangusha nyundo barazani. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wakisema kwamba huyu mtoto ana kiburi na kwamba ukimya wake ulikuwa ni wa kuwapumbaza watu.

"Baba," Sauti alimwambia fundi viatu jioni alipokuja kufunga, "mvua itakuja lini?"

Fundi viatu alitazama mawingu, ambayo sasa yalikuwa juu ya mji kama godoro. "Kesho. Au keshokutwa. Ipo, imekaa tu." Akavuta mlango wa bati nusu. "Mimi siingilii mambo ya watu, mwanangu. Nimeambiwa kufunga na kufungua. Ila Shangazi yako akirudi akakuta kiti kitupu, mimi sikuona kitu, na ufunguo nilikuwa nao mfukoni." Akavuta nusu iliyobaki.

Mgeni alianza kuomba.

Aliomba kijiko kimoja. Aliomba kitambaa kilicholoweshwa. Aliomba Sauti anawe mikono karibu naye, asikie tu maji yakimwagika. Sauti aligeukia ukutani, akahesabu matofali, akayahesabu upya.

"Dada, nilikuwa natania nilipokuambia usinipe."

Sauti hakugeuka.

"Yale maneno niliyasema nikiwa na maji mwilini. Mtu mwenye maji anasema chochote. Mimi wa sasa ndiye mwenye shida, na mimi wa sasa nasema nipe."

Sauti aliziba masikio kwa pamba ya kutolea rangi ya kucha. Majani yalidondoka mpaka mabega yakabaki wazi, na shingo nayo ikabaki wazi. Lilibaki lile la nyuma ya sikio. Lilikuwa la njano lote, limeshikwa na uzi mwembamba. Sauti alilitazama kila alipopita. Alijaribu hata kulipuliza kidogo, lakini halikutoka.

Asubuhi moja alitoka uani kuanua taulo. Mawingu yalikuwa chini kiasi kwamba alihisi angeweza kuyagusa kwa ufagio. Hewa ilikuwa nzito na yenye harufu ya mvua, lakini taulo zilikuwa kavu. Alitoa pamba masikioni, asikie kama kuna ngurumo. Hapakuwa na ngurumo. Alirudi ndani.

Mgeni alikuwa amefumbua macho. Hakuomba. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na aliongea kama mtu anayesaga majani makavu kiganjani.

"Samahani kwa usumbufu, dada," alisema. "Nimekuchosha. Fungua mlango, wateja wasije wakakusema."

Kuomba Sauti alikuwa amejiandaa nako. Huku kuombwa samahani hakuambiwa. Alisimama katikati ya saluni na taulo zake, akatazama lile jani, akatazama dirisha, akatazama tena jani. Mama anajua asubiri mpaka wapi. Yeye hakujua. Hakuwahi kuzaa wala kuachisha kitu chochote. Alikuwa ameishia darasa la tano.

Akaweka taulo chini. Akachukua kikombe, akakijaza kwenye sinki, akamimina.

Vinyuzi vya mizizi vilikaa kimya kwanza, kama vimesahau kazi. Kisha kimoja kikajinyoosha, na vingine vikafuata. Mistari ya ngozi ikaanza kujifunga. Sauti alikuwa amepiga magoti, analia bila sauti, na machozi yalidondokea beseni yakanywewa pamoja na yale mengine. Jani la nyuma ya sikio likapata kijani kidogo kwenye kikonyo, likakaza.

Mgeni aliinua uso. Alimtazama Sauti kwa muda mrefu. Sauti akainuka, akaenda kwenye kabati, na uso ukamfuata. Akaenda mlangoni, ukamfuata.

"Mama," Mgeni alisema.

"Usiniite hivyo."

"Si mimi ninayeita," Mgeni alisema. Hapo wote wawili wakajua.

Mvua ilinyesha kesho yake, baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa mvua nzuri. Sauti alimshika Mgeni kiunoni akampeleka uani hivyo hivyo, wakasimama chini ya kile kipande cha mbingu mpaka nguo zikagandana na miili. Jani halikudondoka, lilioshwa vumbi, likang'aa. Ng'ambo ya ukuta walisikia miguu ya watu wa bondeni ikipita barabarani, imelowa, haina haraka. Sauti aliporudi ndani kuchukua taulo, Mgeni naye aligeuka akaingia.

Mjini nywele zilirudi uhai siku ile ile. Vilemba vikavuliwa. Karani wa mahakama alikuja na mkate uliofungwa kwenye gazeti.

"Umefanya la maana sana," alimwambia Sauti, akampigapiga begani. "Unajua nilisema wewe una roho nzuri. Waulize hawa."

Shangazi alirudi mjukuu alipoacha kusumbuliwa na tumbo. Aliingia na mizigo yake, akasalimia kioo kabla ya kusalimia watu, akaenda moja kwa moja kwa Mgeni.

"Hujambo?"

"Sijambo, Shangazi," Mgeni alijibu. Alikuwa anatazama sinki, alipokuwa Sauti.

Shangazi alisimama. Alihama kutoka kulia kwenda kushoto, na ule uso haukuhama naye. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akasugua miguu yake.

"Kwa hiyo ni wewe sasa," alisema.

Sauti aliinamisha kichwa akingoja kelele. Kelele hazikuja.

"Kiuno changu kitapumzika," Shangazi alisema. "Nilikuwa nakusudia mwaka huu nikuachie urudi kwenu. Baba yako ananisumbua kwa simu. Sasa utarudije? Ukiondoka atakufuata, na nywele zitamfuata yeye, na hilo mimi sitalikubali. Yeye haondoki, kwa hiyo na wewe huondoki. Hesabu yenyewe ni hiyo, wala haikuhitaji darasa la sita."

"Shangazi, nitamwachisha kiangazi kijacho."

"Mwachishe. Nani kakukataza?"

Sauti akainua macho.

"Ulidhani mimi nina jiwe hapa?" Shangazi alijigusa kifuani. "Nilijaribu. Ilikuwa kabla hatujaanza kuziunga nywele zake, na wewe nilikuambia anaumwa, ukaamini. Nilivumilia mpaka shingo ikabaki tupu. Akaniambia samahani kwa usumbufu, mama. Akakuambia na wewe?"

"Aliniambia."

"Wanasema wote, wakifika hapo. Ni mwili wao." Shangazi alivaa viatu tena. "Mara ya kwanza nililia kama mjinga. Mara ya pili sikulia. Baada ya hapo nikaona, kwa nini nimtese?"

Mgeni alikuwa anasikia yote. Alikuwa dirishani, jua linamwangukia begani ambako majani mapya yalianza kuchomoza, madogo kama punje za mtama.

"Usimsikilize," alimwambia Sauti. "Na mimi usinisikilize."

"Sitawasikiliza," Sauti alisema.

Kiangazi kilichofuata alijiandaa. Alinunua pamba ya kutosha. Aliwaambia wateja mapema, na safari hii hawakugomba. Walinunua kofia, na waliokuwa na harusi waliisogeza mbele. Mawingu yalipojipanga upande wa bondeni, Sauti aliweka kikombe kabatini akalifunga. Majani yakadondoka, akayafagia. Mgeni akaomba, Sauti akageukia ukutani. Shangazi hakuingilia. Aliosha vitana mwenyewe, akapokea wateja wachache wa kuosha nywele tu, na kila asubuhi aliuliza, "Bado?"

"Bado."

Asubuhi ambayo lilibaki jani la nyuma ya sikio tu, Shangazi hakuuliza. Alifungua kabati, akatoa kikombe, akakijaza, akakiweka ukingoni mwa dirisha ambapo Sauti angekifikia bila kuinuka. Kisha akatoka barazani kuongea na fundi viatu kuhusu soli.

Mgeni alifumbua midomo kusema. Sauti hakumsubiri aseme. Alimimina maji, akakaa chini karibu na beseni, akaangalia mizizi ikinywa. Mara hii hakulia. Nywele zilipoanza kurefuka aliinuka, akafuta mikono, akaenda kutafuta mkasi.